Nahodha, Amua Kabla Hujabanwa

Tuseme ni Jumamosi alasiri, mko Bwera, wilayani Kasese, kwenye mechi ya kriketi. Mmepiga kwanza na kupata mikimbio 121 katika ova ishirini. Wapinzani, vijana wa Kasese mjini, wamefika 97, wamepoteza wiketi saba, na zimebaki ova tatu. Wanataka 25 washinde. Bwambale, mrushaji wako mkali kuliko wote, amebakiza ova moja. Baluku, anayezungusha mpira, naye amebakiza moja. Ya tatu itabidi aichukue Thembo, ambaye leo ameshapigwa sita mbili, na uso wake unaonyesha. Nani arushe ova ya kumi na nane?

Manahodha wengi humficha Bwambale mpaka ova ya mwisho. Wanajiambia kwamba mambo yakiharibika, yeye ndiye atakayeokoa jahazi. Sasa fuata hesabu. Thembo anarusha ya kumi na nane, anapigwa 13. Zimebaki 12 kwa mipira 12, na wapigaji wameshatulia: hawana haja ya kupiga kwa nguvu, wanagusa na kukimbia. Baluku anatoa nane. Bwambale anashika mpira wakati wapinzani wanahitaji minne tu kwa mipira sita. Hata arushe vizuri vipi, mpira mmoja ukigusa ukingo wa gongo na kumpita mlinda wiketi, mechi imekwisha. Umemtunza askari wako bora kwa ajili ya vita iliyokwisha kupiganwa.

Geuza mpangilio. Bwambale anaanza, anatoa minne, pengine na wiketi juu yake. Sasa wanataka 21 kwa mipira 12, na wamebaki na wapigaji wa mkia. Hapo lazima wapige juu. Mpe Baluku, weka wadakaji wanne mpakani, na mpira wa polepole unaopinda utawaponza wenyewe. Thembo akija mwisho atakuwa na mikimbio 12 au 13 ya kulinda mbele ya mtu ambaye kazi yake ya kawaida ni kurusha, si kupiga. Hakuna anayekuahidi ushindi. Lakini umeutumia uwezo wako wakati bado una cha kubadilisha.

Hayo ndiyo ninayotaka kumwambia kila kijana au binti anayepewa unahodha wa kriketi huku kwetu chini ya Rwenzori. Maamuzi magumu karibu yote yanauliza jambo moja: utaamua lini? Anayesubiri mpaka awe na uhakika huwa anaamua pale ambapo uamuzi hauna tena kazi.

Kasese ni nchi ya kandanda, hilo halina ubishi, na wengi wetu tumeujua unahodha kupitia kandanda. Kule nahodha huvaa kitambaa mkononi, husalimiana na refa, akabishana naye kidogo. Maamuzi mazito yako kwa kocha pembeni. Kriketi ni kinyume. Kocha akishakaa chini ya mwembe, kazi yake imekwisha. Nahodha ndiye anayeamua nani arushe na kwa ova ngapi, nani asimame wapi, nani aingie kupiga lini, na hata kama timu iendelee na dai la kumtoa mpigaji au iliondoe. Katika mechi ya ova ishirini hakuna mrushaji anayeruhusiwa zaidi ya ova nne, na hakuna anayerusha ova mbili mfululizo. Kwa hiyo unahitaji angalau watu watano wa kurusha, na kila ova unapochagua mmoja unajinyima mwingine wa baadaye. Chukua karatasi usiku wa kuamkia mechi, andika ova 1 hadi 20, uweke jina mbele ya kila moja. Karatasi hiyo haitafuatwa mpaka mwisho. Ikifika ova ya saba imeshachafuka. Ila aliyeiandika anajua anakiuka nini anapoikiuka.

Jambo jingine la hapa kwetu, dogo lakini limepoteza wiketi nyingi. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Katika timu ya watu kumi na mmoja unaweza kuwa na akina Bwambale watatu, akina Baluku wawili na Mumbere wawili. Kwa mabinti, Masika wanne uwanja mzima. Mpira uko hewani, watu wawili wanaukimbilia, na nahodha anapaza sauti: “Bwambale!” Wanakuja watatu, wanagongana, mpira unaanguka katikati yao. Kabla ya msimu, mpe kila mtu jina la uwanjani: jina la ubatizo, la utani, la kijiji chake, lolote asilo nalo mwenzake. Na weka sheria kwamba anayemwita mdakaji ni mmoja tu, ama mlinda wiketi ama wewe.

Sasa tuje kwenye sarafu. Umeshinda kura: utapiga au utarusha? Vitabu vingi vitakuambia mengi kuhusu nyasi na unyevu. Huku viwanja vingi si vya nyasi zilizotunzwa kwa kazi hiyo, na pengine mtacheza juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji au udongo ulioshindiliwa. Nenda uuguse. Mkeka uliokazwa vizuri huurusha mpira juu na kwa kasi. Uliolegea huunasa, ukapinda zaidi na kuchelewa. Ukiukuta umelegea, omba ukazwe kabla ya mchezo, na kama haukazwi, basi jua kwamba Baluku wako leo ana siku yake.

Halafu tazama juu. Mvua zetu huja Machi hadi Mei, kisha Agosti hadi Novemba, na hupenda kushuka kutoka mlimani mchana ukianza kupinda. Watu waliouona mto Nyamwamba ukifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, hawahitaji kuambiwa zinavyokuja. Mechi ikianza saa nane na wingu jeusi limeshakaa juu ya Kilembe, mimi ningerusha kwanza nipige baadaye. Anayepiga wa pili anajua anatafuta nini, na mvua ikikata mchezo anaweza kupanga mwendo wake kwa hesabu iliyo wazi.

Lakini hesabu ipi? Kwenye mechi za kimataifa kuna utaratibu wa Duckworth, Lewis na Stern, unaotazama ova zilizobaki pamoja na wiketi zilizobaki. Uwanja wa shule hauna kompyuta, na simu ya mwalimu imeishiwa chaji. Kubalianeni kabla ya sarafu kurushwa, manahodha wote wawili mbele ya waamuzi: zikichezwa ova zisizopungua tano za timu ya pili, atakayekuwa mbele kwa wastani wa mikimbio kwa ova ndiye mshindi. Kwa mfano, mikimbio 121 kwa ova ishirini ni zaidi kidogo ya sita kwa ova. Mvua ikija baada ya ova 12, wastani huo unafika 72.6, kwa hiyo anayepiga wa pili lazima awe na 73. Njia hiyo ina kasoro: haijali kama umepoteza wiketi moja au nane, kwa hiyo inampendelea anayepiga wa pili. Ndiyo sababu nyingine ya kurusha kwanza siku ya mawingu.

Na namba hiyo lazima ifike kwa mpigaji ikiwa sahihi. Machi 2003, mjini Durban, Afrika Kusini walikuwa wakicheza na Sri Lanka katika Kombe la Dunia nyumbani kwao. Mvua ilikuwa inaanza. Ujumbe uliofika kwa Mark Boucher ulikuwa 229 mwishoni mwa ova ya 45. Boucher akapiga sita, wakafika 229, na mpira wa mwisho wa ova akauzuia tu, akiamini kazi imekwisha. Kumbe 229 ilikuwa namba ya sare. Ushindi ulitaka 230. Mvua ikamwagika, mechi ikawa sare, Afrika Kusini wakaaga mashindano, na Shaun Pollock akapoteza unahodha. Funzo lake ni dogo na halina gharama: usimpelekee mpigaji namba ya “kulingana”. Mpe namba ya kushinda, umwambie airudie kwa mdomo wake.

Kuna na jua. Huku magharibi huzama karibu saa moja jioni, lakini tangu saa kumi na moja linamchoma macho yeyote anayetazama upande wa Kongo. Mpira ukienda juu wakati huo, mdakaji anayeelekea magharibi haoni kitu. Kabla ya mechi simama pale katikati ujue upande huo ni upi, na ova za mwisho usimweke pale mtoto mdogo kwa sababu tu ana mbio. Weka mwenye mikono.

Hebu tugeuze meza: sasa ninyi ndio mnaopiga, na mnatafuta namba ndogo. Hapa ndipo timu changa hufa. Mnataka 78 tu, kila mmoja anaona ni kazi ya ova kumi, na ghafla mko 26 kwa wiketi tano. Siyo hadithi ya kubuni hiyo. Juni 2024, kule Providence nchini Guyana, Uganda walikuwa katika Kombe lao la kwanza la Dunia la ova ishirini. Siku chache kabla walikuwa wamepigwa na Afghanistan kwa tofauti ya mikimbio 125. Dhidi ya Papua New Guinea, nahodha Brian Masaba alichagua kurusha kwanza. Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na wiketi mbili. Wapinzani wakaishia 77. Kisha Uganda wenyewe wakaanguka mpaka 26 kwa tano.

Aliyewaokoa ni Riazat Ali Shah, na jinsi alivyowaokoa ndilo somo: mikimbio 33 kwa mipira 56. Kwa mchezo wa ova ishirini huo ni mwendo wa konokono, na mashabiki wengi wangempigia kelele. Lakini waliohitaji kuharakisha hawakuwa Uganda. Walifika 78 kwa wiketi saba, ova ya kumi na tisa, mipira kumi ikiwa bado. Ukiwa nahodha katika hali hiyo, acha kuhesabu mikimbio. Hesabu mipira na wiketi. Mipira 80 kwa mikimbio 52 ni nafasi tele. Mwambie anayeingia: “Usipige juu mpaka nikuambie.” Na ukae mahali anapokuona, kwa sababu akikutafuta kwa macho asikuone, atasikiliza kelele za pembeni.

Timu hiyo hiyo ilimalizwa kwa 39 mbele ya West Indies na 40 mbele ya New Zealand katika mashindano hayo hayo. Nayataja kwa sababu nahodha mchanga hudhani uamuzi mzuri huleta matokeo mazuri kila mara. Hapana. Jioni baada ya kipigo jiulize kama ungeamua vile vile tena kwa yale uliyoyajua wakati ule. Kama jibu ni ndiyo, usibadilishe kitu kwa sababu ya aibu.

Sasa lile ambalo hakuna kitabu kinacholisema. Timu zetu nyingi zina gongo moja zuri, na gongo hilo lina mwenyewe. Mwenyewe hupenda kufungua upigaji. Mara nyingine mwenyewe ni mtu mzima kuliko wewe, pengine mwalimu wako wa hesabu, anayezuia mipira kumi na minane akapata mikimbio mitano huku ova za mwanzo, ambazo wadakaji wachache tu ndio wanaruhusiwa kuwa mbali, zikipita bure. Utafanyaje? Ukimwondoa mbele ya watu, umemvunjia heshima na gongo limeondoka. Ukimwacha, mechi imeondoka.

Nenda kwake Ijumaa, peke yako, mahali pa staha, na mpe kazi badala ya kumnyang'anya. “Mwalimu, shikamoo. Kesho naomba uingie wa tano. Wiketi zikianguka mapema, sina mwingine wa kuwatuliza hawa wadogo.” Na iwe kweli. Usimpe mtu namba tano ya uongo, kisha umruke wiketi ya tatu ikianguka; atajua na wengine watajua. Kama ova zimebaki tatu na wiketi zipo nyingi, mpeleke mpigaji wa nguvu mbele yake, lakini hilo pia umwambie Ijumaa ile ile. Gongo lenyewe ni mali ya mtu, na ni haki yake kukataa kuliazimisha. Ndiyo maana timu inayotaka nahodha mwenye uhuru ianze na mchango wa kununua gongo la timu. Kwa maoni yangu hilo latangulia hata jezi.

Kwa aliyedondosha mpira, kosa kubwa ni kumhamisha hapo hapo. Dunia nzima ya kriketi inaikumbuka Februari 29, 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilipoifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya walikuwa wamepata 166 tu. Mlinda wiketi wao, Tariq Iqbal, alikuwa na siku ngumu, mipira ikimponyoka mikononi. Maurice Odumbe, nahodha, alimwacha pale pale. Kisha Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote wakati ule, akaugusa mpira wa Rajab Ali, na Tariq akaudaka. West Indies wakaisha kwa 93. Odumbe mwenyewe alirusha ova kumi, akatoa mikimbio 15 na kuchukua wiketi tatu. Alijipa kazi wakati alipohitajika mtu wa kubana, na hakujificha.

Jina la Odumbe lina upande wa pili, na nahodha yeyote wa Kasese anatakiwa aujue. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari. Vibanda vya kubeti vimejaa barabarani hapa. Siku mtu atakapokuuliza kwa upole nani atafungua urushaji kesho, na kukununulia soda, hilo nalo ni swali la unahodha. Jibu lake liwe tayari tangu leo, na mwalimu apewe habari usiku huo huo.

Limebaki moja, na ndilo linaloleta ugomvi. Mpira wa mwisho, wapinzani wanahitaji miwili, wamebaki na wiketi moja. Mrushaji wako anakimbia kuja, na anaona mpigaji wa upande wake ameshatoka nje ya mstari kujipatia hatua tatu za bure. Aangushe vijiti? Mwaka 1987, mjini Lahore, Courtney Walsh wa West Indies alisimama, akamwonya Saleem Jaffar wa Pakistan, akarudi kuanza upya. Abdul Qadir akaipata miwili, Pakistan wakashinda, West Indies hawakufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Walsh alisifiwa kote, na bado anasifiwa.

Mimi simlaumu Walsh, lakini leo sheria imesema wazi: tangu Oktoba 2022 kitendo hicho kimewekwa pamoja na kutolewa kwa kukimbia kwa kawaida, na si tena chini ya mchezo usio wa haki. Anayetoka mapema anaiba. Ugumu ni kwamba Bwera na Kasese tunajuana. Unayemtoa leo ni shemeji yako Krismasi. Basi fanya hivi: wakati wa kurusha sarafu mwambie nahodha mwenzako, mwamuzi akisikia, “Ndugu yangu, watu wako wakae ndani ya mstari, sisi tutawatoa bila onyo jingine.” Umeshaonya, na umeonya timu nzima. Waambie na warushaji wako, wasikutazame kuomba ruhusa katikati ya mbio. Ila mpigaji akiwa ametoka kwa sababu ameumia, ameanguka, au amegongwa na mpira, mwache. Nahodha ana haki ya kuliondoa dai lake kwa ridhaa ya mwamuzi kabla mpigaji hajatoka uwanjani, na kuna siku haki hiyo itakufaa.

Ukimaliza yote, usiondoke uwanjani kabla hujakaa na mwandika hesabu na nahodha mwenzako mkapitia kitabu, ova kwa ova, mkatia sahihi wote wawili. Mechi za ujirani hazina video. Kisichoandikwa Jumamosi jioni, Jumatatu kila kijiji kitakuwa na matokeo yake.